Kipupwe Kimeingia, Vulia Ukingoni

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, Iyunga, hapa Mbeya, huamka ikiwa imekunjamana kwa baridi. Maji ya bombani yanauma vidole, watoto wanakwenda shule wamevaa sweta juu ya sweta, na mkaa unapanda bei. Ndiyo majira ambayo wengi wetu hukumbuka kwamba huko chini, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, lipo Ziwa Nyasa na joto lake. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Ukishuka kutoka Uyole, ukapita Isongole, Tukuyu na Ushirika hadi Kyela, unavua koti njiani. Sikukuu za Saba Saba na Nane Nane nazo huangukia humo humo, kwa hiyo mabasi madogo ya Kyela hujaa watu wenye mabegi, na siku hizi wengine wanabeba fimbo za kuvulia.

Nafurahi kuziona fimbo hizo. Uvuvi wa ndoana ni mapumziko mema kwa mzazi na watoto wake, na samaki wa kujivulia ana ladha yake. Lakini nimeona pia jinsi wageni kutoka nyanda za juu wanavyolisoma vibaya ziwa la kipupwe. Wanafika saa tano asubuhi, jua likiwa kali, wanakodi mtumbwi, wanamwambia mwenye mtumbwi awapeleke mbali "kwenye samaki wakubwa". Ushauri wangu wote katika makala haya unasimama juu ya jambo moja: wakati wa kipupwe vulia ukingoni, na vua mapema. Samaki wa kukutosha wako karibu na nchi kavu, ila hatari ya majira haya inakaa mbele, kwenye maji makuu.

Tuanze na upepo, kwa sababu ndio unaopanga mambo yote ziwani miezi hii.

Ziwa Nyasa lina urefu unaokaribia kilomita 580, na limelala kutoka kusini kwenda kaskazini ndani ya Bonde la Ufa. Upana wake hauzidi kilomita 80 hata pale lilipotanuka. Upepo wa kipupwe hutoka kusini-mashariki, na wavuvi wa upande wa Malawi huuita Mwera. Ukishaingia bondeni hauna pa kutawanyikia: mashariki umezuiwa na Milima ya Livingstone, magharibi na nyanda za juu za Malawi. Basi unalifuata ziwa kwa urefu wake, ukisukuma maji kuelekea kaskazini, na kaskazini ndiko kwetu. Wimbi linaloinuka huko kwenye maji ya Likoma na Nkhata Bay linazidi kukua kadiri linavyosafiri, likafika ufukwe wa Matema, kaskazini mwa ziwa, limeshiba. Ndiyo maana unaweza kusimama ufukweni Matema, upepo ukiwa mdogo kabisa usoni, huku mawimbi mazito yakipasuka miguuni pako. Upepo ulioyazaa uko mbali, na mara nyingi uko njiani unakuja.

Mwera hauvumi kila siku. Huja kwa vipindi: siku kadhaa za fujo, kisha ziwa linatulia, halafu tena. Anayeishi Iyunga hawezi kukisia kipindi kitaanza lini kwa kutazama anga la Mbeya. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli, mpigie simu mtu anayeishi kandokando ya ziwa umuulize ziwa limelalaje. Ukifika, soma dalili mwenyewe. Mawimbi marefu yenye nafasi kati yake, yanayokuja bila upepo, ni onyo. Mstari mweupe mbali kwenye upeo wa maji ni onyo kubwa zaidi, maana hayo ni mapovu ya mawimbi yanayovunjika. Wingu zito linaloshuka na kukaa kwenye mabega ya Milima ya Livingstone asubuhi linasema upepo wenye unyevu unapanda kutoka ziwani. Na dalili iliyo bora kuliko zote ni wavuvi wenyewe. Ukiwaona wanavuta mitumbwi yao juu ya mchanga zaidi ya kawaida, usiulize sababu. Nawe tafuta kivuli upike chai.

Wako wanaodhani hatari hiyo ni ya mitumbwi ya gogo peke yake. Tarehe 30 Julai 1946, katikati kabisa ya kipupwe, meli ya Vipya ilizama karibu na Chilumba, upande wa kaskazini wa nchi inayoitwa sasa Malawi. Ilikuwa meli mpya ya chuma iliyokuwa imeanza kazi muda mfupi tu. Watu 145 walifariki. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini wazee wa Kyela hawafanyi mzaha na ziwa la Julai.

Sasa, saa za kuvua. Usiku, hewa ya baridi hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani, na upepo huo mwepesi wa nchi kavu husaidia kuyalaza maji. Siku ambazo Mwera haujashika kasi, utulivu huo hudumu tangu alfajiri hadi kama saa nne asubuhi. Baada ya hapo jua linapasha ardhi joto, upepo unageuka, na ifikapo adhuhuri maji yamechafuka. Uwe umeshatupa ndoana yako kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Hii maana yake ni kwamba safari ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Iyunga haikufai. Ondoka siku iliyotangulia, lala Matema au Kyela mjini, uamke uvue. Barabara ya Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema imefupisha sana safari hiyo, na nyumba za kulala wageni zipo za kila mfuko.

Matema ina baraka nyingine asubuhi. Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki, kwa hiyo jua huchelewa kufika ufukweni. Kwa muda mrefu baada ya kupambazuka unavua ndani ya kivuli cha mlima, na kivuli chako mwenyewe hakianguki majini kuwashtua samaki. Tumia muda huo vizuri, maana ndio wenye thamani kuliko saa zote za siku.

Wapi samaki wanakaa? Hapa inafaa tujue kidogo kinachotokea ndani ya maji. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, lakini chini ya mita 250 kuendelea hakuna oksijeni, na samaki hawaishi huko. Maisha yote yamejaa kwenye tabaka la juu. Wakati wa joto tabaka hilo huwa na nyuzi 27 au 28 za sentigredi, likielea juu ya maji ya baridi bila kuchanganyika nayo. Kipupwe kikiingia, uso wa ziwa hupoa hadi nyuzi 23 au 24, na Mwera huanza kuyakoroga maji. Rutuba iliyokuwa imezama hupanda juu, vijimea vidogo vya majini huongezeka, vijidudu vinavyokula vijimea hivyo huongezeka, na usipa, wale dagaa wa Nyasa tunaowanunua sokoni Mwanjelwa, hufuata chakula. Nyuma ya usipa wapo wanaowala. Kwa hiyo kipupwe si majira ya njaa ziwani. Chakula kipo, ila samaki hubadilisha mahali na mwendo.

Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Maji yakipoa, samaki humeng'enya chakula polepole, hasumbuki kukimbiza kitu mbali, na hupendelea mahali ambapo chakula kinamjia. Hii ni kanuni ya maji mengi duniani. Kusini mwa Marekani, kwenye Ghuba ya Meksiko, kuna samaki mwekundu anayevuliwa sana ukingoni wakati wa baridi, na wavuvi wa huko humngoja kwenye mashimo yenye kina usiku ukiwa wa baridi, kisha humfuata kwenye maji mafupi yenye tope jeusi pindi jua linapolipasha joto. Wanavuta chambo chao taratibu kuliko wakati wa kiangazi. Baridi yao ni kali kupita yetu mara nyingi, lakini busara ya kupunguza mwendo na kutafuta maji yenye nafuu inatufaa nasi.

Kwa Matema, gawanya ukingo katika sehemu tatu. Ya kwanza ni mchanga mrefu ulio mbele ya kijiji. Usitupe ndoana popote tu. Panda mahali palipoinuka kidogo, utazame rangi ya maji: pale rangi ya kijani hafifu inapogeuka kuwa buluu nzito ndipo mchanga unapoporomoka kwenda kwenye kina. Samaki hutembea kando ya mteremko huo, na chambo kikilala hapo kina nafasi ya kupitiwa. Siku yenye wimbi kiasi, mchanga hutifuliwa na wadudu hutoka, kwa hiyo usiikimbie siku ya namna hiyo ilimradi umesimama nchi kavu.

Ya pili ni mawe ya upande wa mashariki, kuelekea Ikombe, kijiji cha Wakisi wanaofinyanga vyungu. Hapo mlima unaingia majini moja kwa moja, na katikati ya mawe makubwa kuna vihori vidogo ambavyo wimbi haliviingii kwa nguvu. Wakati wa Mwera, mahali pa namna hiyo ni hazina. Tahadhari ni mbili. Jiwe lililolowa lina utelezi, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli ya mpira inayoshika, na usisimame kwenye jiwe ambalo juu yake limelowa, maana wimbi lililolilowesha litarudi. Halafu wale samaki wadogo wa rangi za kupendeza wanaong'ong'ona mawe, waache. Hawashibishi, na wengi wao huishi kwenye mawe hayo hayo tangu kuzaliwa hadi kufa. Ukiwamaliza kwenye kihori kimoja, hakuna wa kuja kujaza pengo upesi.

Sehemu ya tatu ni mdomo wa Mto Lufilyo, magharibi mwa Matema. Mito ya Kyela hubeba chakula kingi, na samaki hukusanyika pale maji ya mto yanapokutana na ya ziwa. Hata hivyo sikushauri uende huko. Kuna mamba. Mvuvi mwenye uzoefu wa pale anajua akae wapi na lini, wewe uliyetoka Iyunga juzi hujui. Ukishikilia kwenda, nenda na mwenyeji, simama mbali na ukingo wa maji, usichuchumae kunawa mikono wala kusafisha samaki hapo. Mtoto asifike kabisa. Nina sababu nyingine ya kukuzuia, nitaifikia mwishoni.

Vifaa usivifanye vya gharama. Fimbo ya mwanzi kutoka Rungwe, ndefu mita tatu na nusu au nne, iliyokauka vizuri, inatosha kwa mawe na vihori. Kwa mchanga mrefu, fimbo yenye gurudumu la kukunjia mshipi inafikisha ndoana mbali zaidi. Asiye na fimbo anaweza kuzungusha mshipi kwenye chupa ya plastiki na kurusha kwa mkono, na wapo wanaopata samaki kwa njia hiyo kuliko wenye vifaa vya dukani.

Ninachokazania ni mshipi. Masika yakiisha mito hupungua, tope hukoma, na maji ya Matema huwa angavu hata unahesabu kokoto chini. Samaki anauona mshipi mnene kabla ya kuiona ndoana. Tumia uzi mwembamba wa nailoni usio na rangi, wa kuhimili kilo tatu au nne. Ndoana nayo iwe ndogo, namba 8 au 10. Kumbuka kwamba kwenye ndoana hizi namba ikipanda, ndoana inapungua ukubwa. Chubwi iwe nyepesi kadiri wimbi linavyoruhusu: itoshe kushikilia chambo chini, isizidi hapo. Kwa boya, kipande cha kandambili kilichochongwa kinafanya kazi yake vizuri.

Chambo unakipata njiani. Nyungunyungu wamejaa kwenye migomba yenye unyevu ya Rungwe na Kyela. Waweke kwenye kopo lenye udongo wao na majani, kopo lisikae juani. Kwa magege, yaani perege wa ziwa hili, kanda ugali mgumu uliochanganywa na pumba kidogo, vidonge vya ukubwa wa punje ya hindi. Kwa jamii ya kambale, ambao hupenda giza, kipande cha usipa au utumbo wa samaki kinafaa, na wakati wake ni jioni au kabla ya mapambazuko.

Ukishatupa, tulia. Kosa ninaloliona sana kwa vijana ni kuvuta na kutupa, kuvuta na kutupa, bila kuipa ndoana muda. Katika maji yaliyopoa samaki haji mbio. Acha chambo kizame, hesabu pumzi zako, vuta kiasi cha shubiri moja, acha tena. Samaki wa kipupwe mara nyingi hagongi kwa nguvu. Utahisi tu mshipi umekuwa mzito, au boya limelala ubavu. Hapo inua fimbo kwa mkono mmoja, bila kuipiga. Na ukikaa nusu saa bila dalili yoyote, hama. Tembea hatua hamsini, jaribu mteremko mwingine. Subira ya mvuvi ni kwa chambo kilichokwisha kutua. Mahali pasipo na samaki hapastahili subira yako.

Kwa anayetaka kitu kikubwa zaidi, kuna mbasa. Huyu ndiye samaki anayelipa ziwa hili jina mezani: mrefu, wa rangi ya fedha, nyama yake tamu ingawa ina miiba mingi. Anakula usipa. Asubuhi ukiona usipa wanaruka juu ya maji, au ndege wanajitupa mahali pamoja karibu na ukingo, tupa kijiko kidogo cha chuma kinachong'aa ng'ambo ya hapo, ukivute kwa mwendo usiokoma, si wa haraka. Mbasa ana mdomo mwororo na nguvu za ghafla. Ukimvuta kwa pupa utarudi na ndoana tupu. Mwache akimbie, mchoshe, kisha mlete kwenye mchanga pamoja na wimbi linaloingia.

Kuhusu taratibu, usiende kimyakimya. Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, na leseni ni sehemu ya sheria hiyo. Pita kwa afisa uvuvi wa Halmashauri ya Wilaya ya Kyela, au uwaone viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha kijiji, uwaeleze unavua kwa ndoana kwa ajili ya mapumziko. Watakuelekeza ulipe nini na usiguse wapi. Ukifika ufukweni, amkia. "Shikamoo mzee" kwa mwenye mvi anayeshona nyavu itakufungulia zaidi ya pesa, na ukijua "ndaga fijo" ya kushukuru Kinyakyusa, utaongezewa na chai. Usitupe ndoana juu ya nyavu za mtu zilizotegwa. Tafuta maboya yake kwa macho kwanza. Na ukikaribishwa kusaidia kuvuta kokoro, au ukaona watu wanaburuza vyandarua, kataa kwa adabu uondoke. Kokoro na chandarua hukusanya vifaranga pamoja na wazazi, na sheria imevikataza vyote viwili.

Afya nayo isisahaulike kwa sababu ya furaha ya joto. Watu wa Mbeya mjini hatuumwi malaria mara kwa mara kama watu wa Kyela, ndiyo maana ikitupata inatuangusha. Kipupwe hakiwamalizi mbu wa kule. Beba chandarua, vaa mikono mirefu jioni, na ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, mwambie daktari kwamba ulikuwa Kyela. Kichocho kipo pia katika Ziwa Nyasa. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo kaa mbali na vidimbwi na matete, vulia penye mchanga unaopigwa na wimbi, na usiingie majini bila sababu. Hiyo ni faida nyingine ya kuvulia ukingoni. Aliyeingia majini apimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi na inatibu.

Kama ni lazima upande mtumbwi, uwe wa mwenyeji, yeye ndiye apige kasia, usivuke umbali ambao ungeweza kuogelea kurudi, na kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha lililofungwa vizuri. Nunua lako Mbeya, maana ufukweni mara nyingi hutalipata la kukodi. Saa nne iwakute nchi kavu.

Samaki uliyempata mpasue tumbo mara moja, toa matumbo na mashavu, mwoshe kwa maji safi, umkaushe kwa kitambaa. Kuna saa tatu za njia mbele yako na nusu ya kwanza ni ya joto. Barafu ikikosekana, mpake chumvi ndani na nje, mfunge kwenye majani ya mgomba, umweke kwenye kikapu kinachopitisha hewa; mfuko wa plastiki utamwozesha kabla ya Tukuyu. Usiku huo huo mkaange au mbanike. Ukikosa samaki kabisa, usione haya kununua. Jumamosi kuna soko Lyulilo, pembeni mwa Matema, ambako Wakisi huleta vyungu vyao. Ukinunua usipa mkavu popote kandokando ya ziwa, chagua waliokaushwa juu ya kichanja. Asubuhi za kipupwe zina ukungu na manyunyu, na usipa aliyeanikwa mchangani siku kama hizo huchelewa kukauka, akaja nyumbani na mchanga na harufu.

Na kabla ya kupanda gari, badilisha nguo zilizolowa. Unatoka kwenye joto unakwenda kupita Isongole jioni, kwenye ukungu na baridi ya milimani. Mtoto mwenye fulana iliyolowa ataugua kabla hajafika Uyole.

Nilisema nina sababu nyingine ya kukuzuia usivue kwenye mdomo wa mto. Mbasa huishi ziwani, lakini hutaga mitoni. Hukusanyika mbele ya mito, hupanda na maji kutafuta mahali penye changarawe safi, hutaga hapo, na watoto wake hukulia mtoni kwanza kabla ya kushuka. Akikutana na nyavu zilizoziba mdomo wa mto, safari yake inaishia pale, na mayai yake yanaishia sokoni. Akifika juu akakuta changarawe imefunikwa na tope, mayai hukosa hewa. Amekwisha kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya samaki wanaotishiwa kutoweka, na hapatikani kwingine duniani ila katika ziwa hili na mito yake. Tanzania ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 ili samaki wazaliane, wengi walinung'unika, lakini samaki anayetaga anahitaji kuachwa kwa muda. Mbasa tunaweza kumpa muda huo bila kusubiri tangazo. Ukimpata jike mwenye tumbo lililojaa mayai, mtoe ndoana ukiwa umelowesha mikono, mrudishe majini. Magege jike ukimkuta amebeba mayai au vifaranga mdomoni, naye mrudishe.

Lililobaki linatuhusu sisi wa nyanda za juu hata tusiposhika fimbo. Wakazi wengi wa Iyunga na Mbeya tuna mashamba ya ndizi, viazi au chai Rungwe, ambako Kiwira na mito mingine ya Kyela inaanzia. Tope linalomnyima hewa mbasa linatoka kwenye mashamba hayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kama shamba lako limevuka mstari huo, msimu huu usilime sehemu hiyo. Iache iote majani.